Nodi ngapi, na ziko wapi? (maongezi ya jioni, Lamu)

Assalamu alaikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango mkisubiri niharibu mpate kucheka. Najua nusu yenu mmekuja kusikia bei ya kripto. Bei leo sina. Leo tunahesabu tu: huu mtandao wa Bitcoin ambao kila mtu anasema ni mkubwa, ni mkubwa kiasi gani na uko wapi?

Hebu tuseme nataka kujua kuna manahodha wangapi kuanzia hapa mpaka Faza na Kizingitini, na orodha hakuna popote. Nitashuka gatini nimshike nahodha mmoja nimuulize wewe wawajua nani, atanitajia kumi, niende kwa hao kumi kila mmoja anitajie wake, mpaka nifike mahali majina yanajirudia tu, hapo najua nimekaribia kumaliza. Basi ndivyo wanavyofanya. Bitcoin haina ofisi, ina nodi, yaani kompyuta ya mtu inayokagua na kutunza daftari la miamala tangu tarehe 3 Januari 2009 (daftari zima sasa lapita GB 500, msijaribu kwa bando ya siku), na kila nodi inakumbuka anwani za wenzake. Unaipigia hodi, mara nyingi kwenye mlango namba 8333, unaiuliza wawajua nani, inakutumia hadi anwani 1,000 kwa ujumbe mmoja, alafu unaenda kwa hao nao. Mradi wa Bitnodes unazunguka hivyo tangu 2013, na hesabu yake miaka hii ni elfu kumi na kitu, ikipanda sana elfu ishirini na kitu.

Watu wakiona namba hiyo wanasema haya, mtandao wote ni huo. Hapana bwana. Nyumba zetu za mawe mnazijua, kuna ambayo mgeni akifika anakaribishwa dakani anakaa, na kuna ambayo mwenyewe kila jioni yuko kwenye baraza za watu lakini kwake haingii mtu. Ukihesabu kwa kupiga hodi, huyu wa pili humpati, na yupo. Nodi nyingi ziko hivyo, zinatoka zenyewe kwenda kuungana na wenzao kama kumi hivi, lakini ruta ya nyumbani imeziba mlango wa kuingilia. Na sisi wa data ya simu ndio zaidi, manake kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwahiyo ukiwasha nodi yako hapa kwa hotspoti hakuna wa kukuhesabu. Ukiona ramani Afrika iko tupu usikimbilie kusema hatupo. Mimi naamini tuko wachache kweli, ila ramani ile haiwezi kunithibitishia.

Alafu kuna kuhesabu kupita kiasi. Punda mmoja apita Mkunguni asubuhi na mchanga, adhuhuri na mawe, jioni mtupu, na wewe umekaa hapo unaandika punda watatu. Mashine moja yaweza kuwa na anwani ya IPv4, ya IPv6 (hizo ni aina mbili za anwani za intaneti) na ya Tor, mtandao wa kuficha ulipo, tayari ni nodi tatu. Na anwani nyingine utakazotajiwa ni za waliozima zamani, kama kutajiwa jahazi ambalo limeozea Matondoni.

Mahali ndio balaa. Wanachukua anwani wanaitafuta kwenye daftari la nani kasajiliwa nchi gani. Aliyepita Tor haonekani yuko wapi kabisa, na hao ni fungu kubwa. Kijana wa Malindi akikodi seva Ujerumani kahesabiwa Ujerumani, basi.

Wachimbaji nao, yaani wale wenye mashine zinazoshindana kufumbua fumbo ili waongeze bloku, ukurasa mpya wa daftari, ni hesabu nyingine. Nguvu yao yote inakadiriwa kwa ugumu wa fumbo na kasi ya bloku kutoka, hilo halina shida sana, shida ni iko wapi. Chuo Kikuu cha Cambridge walichora ramani kwa data ya mabwawa ya wachimbaji, yaani vikundi vya wachimbaji wanaounganisha nguvu. Septemba 2019 China ilikuwa na kama asilimia 75 ya nguvu yote, serikali yao ikapiga marufuku uchimbaji 2021, Julai mwaka huo ikasomeka sifuri. Sifuri kabisa! Septemba ikarudi juu ya asilimia 20. Sasa jamani, yale mamashine yalipaa yakarudi? Cambridge wenyewe walisema yaelekea watu walikuwa wamejificha nyuma ya VPN, njia ya kuonekana uko nchi nyingine, wakazoea, wakaacha kujificha. Na walishaonya kwamba Ujerumani na Ireland zaonekana kubwa kwa sababu hiyo hiyo ya VPN.

Naam, mama pale? ... Anauliza akiwasha yake kwake Langoni ataonekana? Ndio mama, ukipata intaneti yenye anwani yako mwenyewe na ukafungua ule mlango 8333 kwenye ruta, watakupigia hodi na utahesabiwa. Ila usishangae kwenye ramani ukajikuta umewekwa Nairobi.