Jiwe la Tyndall na Majengo ya Winnipeg

Ndugu zangu, karibuni. Usanifu majengo wa kisasa wa miaka ya 1950 na 1960 hulaumiwa kwamba uliifananisha miji yote: zege, vioo, paa bapa. Kwa Winnipeg, huko nyandani Kanada, nakataa. Pale ulipata sura ya mahali, na sura hiyo ilichimbwa ardhini.

Karibu na Garson, Manitoba, huchimbwa mawe ya chokaa yaitwayo mawe ya Tyndall. Yana umri wa miaka milioni 450 hivi, toka enzi nchi ile ilipokuwa chini ya bahari ya joto, jirani na ikweta. Sogeeni mpaka pua iguse ukuta. Rangi ni ya maziwa, na ndani yake yametambaa mabaka ya kahawia: ndizo njia za viumbe waliofukua tope la sakafu ya bahari. Pembeni utaona konokono, na magamba marefu ya jamaa wa kale wa ngisi. Mliokulia kwenye nyumba za matumbawe kule pwani mtanielewa upesi.

Bunge la Manitoba, lililofunguliwa 1920, lilijengwa kwa jiwe hili, na nguzo za Kigiriki juu yake. Kizazi kilichosoma Chuo Kikuu cha Manitoba chini ya John A. Russell, mkuu wa masomo ya usanifu majengo pale, kiliziacha nguzo, jiwe kikabaki nalo. Makao ya halmashauri ya jiji, ya 1964, yana mistari minyoofu isiyo na pambo lolote. Pambo limo ndani ya jiwe lenyewe.

Jengo ninalolipenda kuliko yote ni la makumbusho ya sanaa, la 1971, kazi ya Gustavo da Roza, mzaliwa wa Hong Kong. Ni pembetatu, kuta zake ndefu zikiwa karibu hazina madirisha, kwa kuwa jua huharibu michoro. Ukuta mtupu kiasi hicho ungepigwa lipu tu ungechosha macho. Hapa jua likihama, mabaka nayo yanabadilika.

Jiwe si kila kitu, lakini. Huko St. Boniface, sehemu ya Winnipeg, mwaka 1968, Étienne Gaboury alilijengea kanisa paa la mbao linalopanda kwa kujizungusha, likikumbusha mahema ya wenyeji wa nyanda zile.

Sasa la kuuma. Makao ya polisi ya 1966, jirani na halmashauri, yalivikwa jiwe hilihili. Baada ya miaka mingi ya baridi kali bamba zikalegea, ikabidi wapita njia wajengewe kinga juu ya vichwa vyao. Polisi walihama 2016, kisha jengo likabomolewa. Kwangu mimi jiwe halina hatia. Bunge limesimama nalo karne nzima katika baridi ileile. Tatizo ni jinsi lilivyofungwa ukutani, na matengenezo yaliyosubiri mno. Makao ya halmashauri bado yanatumika kila siku, na fedha za ukarabati ningetaka zianzie hapo.