Majogoo ya Hilleman

Ndugu mwenyekiti, asante. Janga la mafua la 1918 nalipita, mnalijua. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea: kwa majogoo.

Aprili 1957 Maurice Hilleman, mtaalamu wa virusi katika taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, anasoma gazetini kwamba Hong Kong watu 20,000 wamepanga foleni zahanati kwa mafua. Wangapi walisoma habari hiyo wakafunua ukurasa wa pili? Yeye akaagiza sampuli kutoka Japani, ya mwanajeshi aliyeugua. Alipoipima na damu za watu, karibu wote hawakuwa na kingamwili za kupambana na kirusi hicho, isipokuwa wazee wachache waliookoka janga la 1889. Akajua kirusi ni kigeni kwa walio wengi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapopapenda. Chanjo ya mafua ilikuwa inakuzwa ndani ya yai, tena si hili mnalokaanga chipsi mayai. Ni yai lenye kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kukua, kwa hiyo sharti mtetea apandwe. Wafugaji wa Marekani walikuwa wakiwachinja majogoo msimu wa kuangulia ukiisha. Jogoo anakula na hatagi, wa nini? Hilleman akawaambia watengenezaji: waonyeni wafugaji wasichinje majogoo. Mwaka haujaisha, dozi milioni 40 zikawa tayari.

Najua kuna kijana ameshajiandaa kuniambia, "Prof, mambo ya mayai yamepitwa na wakati, siku hizi kuna chanjo za mRNA, zisizohitaji yai." Kwanza, hayajapitwa. Sehemu kubwa ya chanjo za mafua duniani bado inatoka kwenye mayai, na kirusi cha mafua ya ndege, H5N1, tunachokiogopa kinaua kuku hao hao watagao. Pili, hata yai likistaafu, swali langu liko pale pale. Mwaka 1957 jogoo, kiwanda na bega la kudungwa sindano vyote vilikuwa nchi moja. Ndiyo maana simu za mtu mmoja zilitosha. Sisi tutampigia nani?

Waziri wa Afya wa Indonesia, Siti Fadilah Supari, aliliona hilo. Wananchi wake walikuwa wanakufa kwa mafua ya ndege, nchi inapeleka sampuli WHO, Shirika la Afya Duniani, kisha kampuni ya Australia inatengeneza chanjo kwa kirusi cha Indonesia. Mwaka 2007 akasema sampuli hazitoki tena. Dunia ikamjia juu: anahatarisha watu wote! Na kweli, kuficha kirusi ni hatari, mimi mwenyewe nisingewashauri. Lakini bila ukaidi ule sidhani kama mwaka 2011 tungepata utaratibu wa WHO unaowataka watengenezaji watenge sehemu ya dozi kwa ajili ya wengine. Mafua tu, lakini. Corona ilipokuja haikuhusika, na foleni ile tuliyosimama mnaikumbuka.

"Kwetu mafua ya ndege hayapo." Nani kasema? Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa Lutembe, karibu na Entebbe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Kenya ikazuia kuku wa Uganda. Sawa, lakini ndege anayeruka juu ya ziwa unamzuia kwa karatasi gani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi ng'ombe wa maziwa wa Marekani walioambukizwa H5N1 mwaka 2024 nawaacha. Nilitaka pia kuuliza: WHO inachagua virusi vya chanjo Februari kwa nusu ya kaskazini na Septemba kwa ya kusini, sisi wa ikweta, ambao mafua hayatuondoki kwa msimu, tunafuata ipi? Jibu mtalitafuta wenyewe.

La mwisho. Mei 2025 nchi za WHO zilipitisha mkataba wa majanga. Kiambatisho cha sampuli na mgawo wa chanjo, yaani ugomvi ule ule wa Supari, wakakiacha kijadiliwe baadaye. Nani humu ndani anamjua kwa jina mtu aliyetuwakilisha kwenye majadiliano hayo?

Hakuna? Haya, maswali. Wewe wa mRNA, anza.