Gereza la Kilwa Kisiwani si la Mreno peke yake

Wazee wangu, ndugu zangu, asalaam aleikum.

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, Gereza, ile ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani, unaliona mapema, limesimama pale ufukweni. Na kila mara nasikia watu wakisema: "Ile ni ngome ya Mreno." Leo naomba tulitazame vizuri neno hilo, maana Mreno anapewa zaidi ya haki yake.

Ni kweli alitangulia. Julai 1505 jemadari wa Kireno Francisco de Almeida aliingia na merikebu zake, akauteka mji, Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akakimbia. Kilichomleta ni dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji, iliyokuwa ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Wareno wakajenga ngome, wakaiita Santiago, wakamtawaza Muhammad Ankoni. Haukupita muda Ankoni akauawa, mji ukaingia fitina, wafanyabiashara wakahama. Mwaka 1512 Wareno wakafunga virago. Miaka saba tu! Waliushika mlango, biashara ikatokea dirishani.

Tunachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya zama za Waomani, yapata mwaka 1800, juu ya mabaki ya Santiago. Na hapa pana habari nzito. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, amuuzie watu 1,000 kila mwaka. Watu, ndugu zangu. Atakayeisifu minara ile na awataje na hao.

Sasa sogeeni ukutani, mguse. Ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Boriti za dari zilikuwa za mikoko. Ufundi huo Mreno aliukuta. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa umesimama karne nyingi kabla ya Almeida kuzaliwa. Hivyo mimi nasema bila kusita: amri ilitoka ng'ambo, ujuzi ni wa pwani hii.

Adui wa Gereza sasa ni mawimbi. Yameula ukuta wa upande wa baharini, na mwaka 2004 UNESCO iliiingiza Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilitolewa 2014, baada ya kuta kukarabatiwa, kingo za mawe kuwekwa ufukweni na mikoko kupandwa. Kwa hiyo ukimwona mtu anakata mkoko Kisiwani, mzuie kwa adabu, umwambie anabomoa Gereza.