Aitwe kabla daftari halijafunguliwa

(Mhadhara uliotolewa Lamu mjini mbele ya wahudumu wa afya, wanafunzi na wazee wa mitaa)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, wenzangu wa hospitali na zahanati, nawaamkia nyote. Nanyi wanafunzi, shikamoo zenu nimezipokea mlangoni.

Nimeombwa nizungumzie huduma ambazo chuo kikuu kinapaswa kumpa mtafiti wa afya. Kuna mlionisikia nikilisema hili Malindi, na kuna mlionisikia Kilifi. Leo nalisema tena kwa sababu bado halijafanywa. Utafiti ni nini, hilo mnalijua, sitaanzia huko. Ninachotaka ni kimoja: mtakwimu, mtu wa data, mtu wa maadili na mtu wa lugha waitwe kabla daftari halijafunguliwa. Wakiitwa baadaye, wanakuja matangani.

Nianze na madaftari yangu mwenyewe.

Miaka michache baada ya ile chikungunya ya 2004, homa ya virusi inayoletwa na mbu na kuumiza viungo, nilikuwa afisa wa kliniki katika zahanati moja ya visiwa hivi. Kila mwenye homa tulimpa dawa ya malaria, na wengi walirudi baada ya siku tatu wakiwa vilevile, viungo vinawauma, vidole havikunjiki kushika kikombe. Nikajiuliza, katika hawa, wangapi hawana malaria kabisa? Lilikuwa swali zuri, na hadi leo nasema lilikuwa swali zuri. Nikanunua daftari la kurasa 200, nikapiga mistari kwa rula: jina, umri, joto, dawa, amerudi au hakurudi. Nikaandika miaka miwili. Likawa la pili, likawa la tatu. Mchana foleni imefika mlangoni na kalamu ninayo mkononi, usiku nakamilisha kwa kandili. Nilipoona yametosha, nikayafunga kwa karatasi ya nailoni yasiingie maji ya chumvi, nikavuka kwa boti hadi Mokowe, bara, nikapanda basi, nikayapeleka kwa mtakwimu wa chuo kikuu kimoja ambaye rafiki yangu alinielekeza.

Yule bwana aliyasoma kwa heshima. Aligeuza kurasa mojamoja, na kidole chake kikawa kinashuka na safu. Kisha akaniuliza: “Hawa walioandikwa humu ni wote waliokuja na homa, au ni wale uliopata nafasi ya kuwaandika?” Nikamwambia kweli, siku za foleni ndefu niliandika waliozidiwa tu. Akanyamaza. Akauliza tena: “Homa ilimwanza lini kila mmoja?” Safu hiyo haikuwepo. “Na huyu ambaye hakurudi, alipona, alikwenda hospitali nyingine, au alifariki?” Sikuwa na jibu.

Wenzangu wa kliniki mnaona uzito wa lile swali la pili. Virusi vya chikungunya vinaonekana kwenye damu siku za mwanzo tu, wiki moja hivi. Baada ya hapo unatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umejitengenezea dhidi ya virusi hivyo, na hicho ni kipimo kingine. Kama hujui homa ilianza lini, majibu ya maabara yakikwambia “hakuna”, hujui kama ugonjwa haupo au umechelewa kuutafuta. Na lile la kwanza ni zito zaidi. Ukiandika waliozidiwa peke yao, daftari lako litasema homa ya kisiwa hiki ni kali kuliko ilivyo, nawe utaamini, kwa kuwa umeliandika mwenyewe.

Akalifunga daftari la tatu, akaliweka juu ya yale mawili, akayasawazisha kwa viganja. Akaniambia: “Ndugu yangu, ungekuja kwangu kwa saa moja kabla hujaanza, ningekuongezea safu mbili na kukupa utaratibu wa nani aandikwe.”

Saa moja! Nami nilitumia miaka miwili. Na yule bwana siku zote alikuwepo, ofisi yake ipo, mshahara wake unalipwa na umma. Lakini chuo hakikuwa na mlango ambao afisa wa kliniki wa kisiwani angeubisha. Kama si rafiki yangu, nisingejua hata kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Linaloniuma mpaka leo si usiku wangu wa kandili. Ni wale watu. Mama amebeba mtoto ana homa, anajibu maswali yangu kwa subira, akiamini yatafaa kitu. Mgonjwa akikupa habari zake nawe ukazikusanya kwa namna isiyofaa, umemdhulumu, hata kama nia yako ilikuwa safi.

Najua kuna anayesema moyoni: sisi kazi yetu kutibu, utafiti ni wa Nairobi na Kilifi. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na kila mara najibu kwa ile chikungunya ya 2004. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakaweka akiba ya maji majumbani, mbu wakazaa humo. Watafiti walipopima damu za watu wa kisiwa hiki mwezi wa Oktoba, walikuta 75 katika kila 100 wamekwisha kuambukizwa. Makadirio yao yalikuwa watu 13,500. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa Komoro, kisha Réunion, kisha Bahari ya Hindi yote ikawa inauzungumza. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kule kusini mwa Tanzania ulikotambuliwa miaka ya 1950, linaeleza mtu anavyopindika kwa maumivu. Basi niambieni, nani aliwaona wagonjwa wa kwanza? Si mwenye maabara Nairobi. Ni muuguzi aliyekuwa zamu hapa Lamu. Mwenye macho ya kwanza ndiye anayestahili msaada wa kwanza.

Mwingine atasema, daktari mzoefu anajua kinachofaa, takwimu za nini? Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kulikuwa na utafiti ulioitwa FEAST, uliofanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na Kilifi ilikuwa mojawapo. Watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu ulioshuka. Sehemu nyingi duniani ilifundishwa kwamba mtoto huyo aongezwe maji ya mshipani kwa kasi. Nami nilifundishwa hivyo, na nyinyi pia. Wakalinganisha: waliopewa maji kwa kasi, na wasiopewa. Walipofika watoto 3,141, kamati huru iliyokuwa ikitazama data ikasema simamisheni. Matokeo yakatoka 2011: ndani ya saa 48, waliopewa maji kwa kasi walifariki kama 10 au 11 katika 100, na wasiopewa walifariki 7.

Kumi kwa saba. Tofauti ya watoto watatu katika 100. Hakuna daktari duniani, awe na macho ya tai, atakayeiona tofauti hiyo akiwa amesimama wodini usiku. Tulikuwa tunaona mtoto anapata maji, mapigo yanarudi, tunashukuru Mungu. Ili uitambue 10 na 7 bila kubahatisha unahitaji watoto zaidi ya 1,300 kila upande, na hesabu hiyo hufanywa kabla mtoto wa kwanza hajaingizwa. Kuna aliyeifanya. Kuna aliyetengeneza fomu, aliyekaa na data ikija kila siku, waliopewa mamlaka ya kusema basi. Wodini huwaoni watu hao. Wao ndio huduma ninayoizungumzia. Bila wao tungeendelea, kwa mapenzi mema kabisa, kuwapa watoto kitu kinachowadhuru.

Sasa lugha. Hili napenda kulisema Lamu kwa sababu mwenye lugha ni nyinyi.

Kuna wakati nilifuatana na kikundi cha wahojaji mtaani kwenye kazi ya kutafuta mahali mbu wanapozaa majumbani. Fomu ilikuwa imetafsiriwa na mtu aliye mbali, kwa Kiswahili sanifu kizuri tu. Swali la nne: “Je, una vyombo vya maji vilivyo wazi?” Mzee mmoja, baharia, akasema, “Chombo ninacho kimoja, kiko Matondoni kinafanyiwa ukarabati.” Mhojaji akaandika hapana. Nyumba ya pili, bibi akaonyesha sahani zake kabatini, zimefunikwa kwa kitambaa. Hapana. Na nyuma yake, msalani, kulikuwa na birika la maji, lile tangi la kujengea, limejaa, liko wazi, na mtungi pembeni. Kwa mzee yule chombo ni jahazi, na kwa bibi yule chombo ni sahani, birika ni birika. Wala halikuwa na vile visamaki ambavyo wazee wetu waliviweka humo vipate kula viluwiluwi vya mbu. Zamani nyumba nyingi zilivifuga. Lile ndilo tulilokuwa tunalitafuta, na fomu ilipita mbele yake ikaandika hapana.

Nilisimama pale nikimtazama mhojaji, msichana mwerevu, anafuata alivyofundishwa. Kosa halikuwa lake. Fomu hiyo ingesomwa na wazee watatu barazani kabla ya kuchapishwa, swali la nne lingekuwa “birika, mtungi, pipa, ndoo” na kazi ingekwisha. Chuo kikuu kinachomsaidia mtafiti lazima kiwe na fungu la kuwalipa wazee hao watatu. Ndiyo, kuwalipa. Ni utaalamu.

Na karatasi ya idhini vilevile. Pwani hii tumekua na hadithi za mumiani. Ukimwambia mtu utachukua mililita tano za damu, hujamwambia kitu. Mwambie kijiko kimoja cha chai, mwonyeshe kijiko chenyewe, mwambie damu itakwenda wapi, itakaa muda gani na nani ataiona. Akikataa, mwambie matibabu yake yako palepale, na umaanishe. Kamati ya maadili isiwe mahali pa kupigwa muhuri. Iwe na mtu wa kukaa na mtafiti mchanga na kumwonyesha jinsi ya kuandika maneno hayo.

Marekani waliliona tatizo hili. Mwaka 2006 taasisi zao za taifa za afya zilianza kuvipa vyuo vikuu fedha za kujenga vituo vya aina hii, mlango mmoja: unaingia na swali, unakutana na mtakwimu, mtu wa data, mtu wa vibali, wauguzi waliofunzwa utafiti. Wanauita utafiti wa kuvusha, kwa maana ya kuvusha kilichopatikana maabara kikafika kitandani, kisha kikafika zahanati ya mwisho. Kuvusha huku kunachukua umri wa mtu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza maabara mwaka 1987, ikajaribiwa katika vituo 11 vya Afrika, Kilifi ikiwemo, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Sisemi tuige kila kitu chao. Kilifi hapo jirani kuna programu ya utafiti ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome, wafadhili wa Uingereza, tangu 1989, ina watu hawa wote. Ninachodai ni kwamba mwenye swali aliye pembezoni, Faza au Kiunga, naye awe na njia ya kuwafikia, bila kutegemea kuwa na rafiki.

Naona muda unaniishia, na magharibi iko karibu. Vibali nitavitaja tu: kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ruhusa ya kaunti, na ukijaribu dawa, Bodi ya Dawa na Sumu. Chuo kiweke mtu mmoja anayezijua njia hizo, afuatane na wewe. Data ya mgonjwa sasa inalindwa na sheria ya 2019, kwa hiyo majina kwenye daftari kama langu, hapana. Iko programu ya kompyuta ya kukusanya data, REDCap, hutolewa bure kwa taasisi zisizo za biashara, na inajazwa kwenye simu hata pasipo mtandao. Sampuli, barafu na boti, hilo lingetaka jioni nyingine nzima, naliacha.

Pesa? Nitaulizwa pesa. Saa moja ya mtakwimu, malipo ya wazee watatu, na laini ya simu ambayo kuna mtu anaipokea. Tuanzie hapo.

Mwenye swali la utafiti, hata la mstari mmoja, hata hajui kama ni swali, asiende nyumbani. Tumekuja na mtakwimu, yule dada aliyekaa karibu na dirisha. Tukishaswali atakuwa hapa barazani na karatasi tupu. Muuguzi wa kliniki ya akina mama, wewe uliyeniambia mlangoni habari za presha ya wajawazito, utakuwa wa kwanza. Daftari ulilonunua usilifungue bado.