Njia ya Mnyonge Kwenda Ikulu

Asanteni. Vijana mliosimama, viti vipo huku mbele. Sijui kwa nini Mkenya huogopa kiti cha mbele isipokuwa harusini.

Nimeombwa niseme kama mgombea asiye na jina wala fedha anaweza kushinda urais. Mlionisikia kwingine mnajua nitakapoanzia. Kila wiki kuna mtu ananitumia video ya umati: barabara imefurika, mgombea yuko juu ya gari, ananyoosha mkono. “Profesa, huyu si ameshashinda?” Mimi namuuliza: hao wangapi wamejiandikisha, na kura zao ziko kaunti gani? Hapo simu hunyamaza.

Twendeni Gambia, mwaka 2016. Najua mmechoka na Gambia yangu. Vumilieni.

Kule mpiga kura hapewi karatasi. Anapewa gololi. Anaingia nyuma ya pazia, anakuta mapipa ya chuma yamepakwa rangi, kila pipa na picha ya mgombea wake, anatumbukiza gololi kwenye bomba. Ndani inagonga kengele: ngi! Ikilia mara mbili, makarani wanajua kuna mtu kaja na gololi ya mfukoni. Ndiyo maana siku hiyo hata baiskeli huzuiwa karibu na kituo, kengele zake zisije zikawachanganya. Jioni gololi zinamwagwa kwenye trei yenye vitundu, mia mbili au mia tano, mawakala wote wakitazama. Trei ikijaa, imejaa. Hakuna cha kubishana.

Sasa mwangalieni mgombea. Yahya Jammeh alikuwa madarakani tangu 1994. Kiongozi mkuu wa upinzani, Ousainou Darboe, alikuwa gerezani. Vyama saba vikakaa mwishoni mwa Oktoba vikamchagua Adama Barrow, mfanyabiashara wa nyumba na viwanja, ambaye aliwahi kuwa mlinzi wa duka London. Uchaguzi ulikuwa Desemba mosi. Mwezi mmoja tu! Barrow akapata asilimia 43, Jammeh karibu 40. Na wa tatu, Mama Kandeh, mbunge wa zamani wa chama cha Jammeh, akaondoka na 17.

Hapo kwa huyo wa tatu ndipo nataka mtulie. Kila mtu anasimulia umoja wa vyama saba, na ni kweli, bila huo Barrow asingefika popote. Lakini Gambia haina duru ya pili. Anayeongoza, hata kwa asilimia 43, amechukua. Kwa sheria hiyo, mtu wa tatu ni sumu kwa yule anayelala naye kitanda kimoja cha wapiga kura, yaani wanaogombania kura zilezile. Jirani zetu Tanzania nao, tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2000, aliyeongoza ndiye rais. Mpinzani wa huko akigawana kura na mpinzani mwenzake, wote wawili wamejimaliza.

Kwetu mambo yanageuka. Kifungu cha 138 cha Katiba ya Kenya kinadai zaidi ya nusu ya kura, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi debeni ndani ya siku thelathini. Kwa hiyo mnyonge wa Kenya hana haja ya kumshinda mkubwa mara ya kwanza. Awe wa pili, na mkubwa akwame chini ya nusu. Nani atamkwamisha? Wa tatu, wa nne, wa tano, hao mnaowacheka! Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka kwa asilimia 50.07, Musalia Mudavadi akiwa na karibu 4. Kura chache tu zingehama, tungerudi debeni. Mwaka 2022 hao wengine wawili, Wajackoyah na Mwaure, hawakufikisha hata asilimia moja kwa pamoja. Duru ya pili ingetoka wapi? Ruto 50.49, Raila 48.85, basi.

Naona mkono. Najua: “Kura zinaibiwa.” Sawa. Vituo vya 2022 vilikuwa zaidi ya elfu arobaini na sita, na fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, ziliwekwa mtandaoni kila mtu azione. Wewe mawakala wako walikuwa wangapi? Na walikula nini? Sicheki. Wakala yuko kituoni tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili usiku karani anainua karatasi moja moja, wakala wa chama kikubwa analetewa chai na chapati, wako analetewa ujumbe wa “komaa, tuko njiani.” Fomu inapojazwa, wako ameshaenda kulala. Kesho unakwenda mahakamani na nini?

Fedha, ukabila, mitandao, nilikuwa navyo hapa kwenye karatasi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Ukabila nitasema moja tu: sharti la kaunti 24 linakulazimisha utoke kwenu, kwa hiyo acheni kuniambia “tukishafunga kura za nyumbani.” Nyumbani hapatoshi.

Maswali sasa. Na tafadhali, asiniulize mtu kuhusu video.