Ukimnyang'anya mungu wa Wagiriki wa zamani alama yake, utamjuaje?

Haya jamani, walioko nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele.

Kuna sanamu moja iko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia pale Athens, ilitolewa chini ya bahari karibu na rasi ya Artemision, mkono ulianza kutoka 1926 na mwili wenyewe ukafuata 1928. Mwanaume wa shaba, urefu mita 2 na ushee, ana ndevu, hana nguo, mkono wa kulia kaupeleka nyuma kabisa anataka kurusha kitu. Kitu gani sasa? Hapo ndo kasheshe, hakipo mkononi. Wataalamu wakaanza kubishana mpaka leo, kama alishika radi basi huyu Zeus, mkuu wa miungu, kama alishika chusa cha meno matatu basi Poseidon, mungu wa bahari. Wengi wako upande wa Zeus, sababu chusa kirefu namna ile kingempita usoni kimzibe sura, na fundi gani ahangaike na uso mzuri hivyo alafu auzibe? Mi nakubaliana nao.

Yani uso, misuli, ndevu, vyote vipo na bado hatumjui. Zeus na Poseidon ni ndugu, wachoraji waliwachora vilevile, kinachowatenganisha ni walichoshika. Ni kama zile picha za vyama kwenye karatasi ya kura, hata asiyejua kusoma anajua aweke tiki wapi.

Sasa Athena, mungu wa kike wa mji wa Athens, huyu kazi yake rahisi maana ana vitu vingi, kofia ya chuma, ngao, mkuki, bundi, mzeituni. Mzeituni aliupata kwenye ugomvi na Poseidon, walikuwa wanagombea mji huohuo, Poseidon akapiga mwamba wa Akropolis, kile kilima cha mahekalu pale Athens, kwa chusa yakatoka maji ya chumvi (sasa watu wa mjini wakanywe nini hapo), Athena akaotesha mzeituni, mji ukawa wake. Na watu walikuwa wanaonyeshwa kabisa alama ya chusa kwenye mwamba na mti wenyewe. Waajemi walipochoma Akropolis 480 K.K., Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa zamani, anasema siku iliyofuata ule mti ulioungua ulishachipua kama dhiraa moja hivi. Uamini usiamini, ila ona walivyoutegemea mti ule, mungu wao hajahama.

Bundi naye, najua huku kwetu akilia juu ya bati usiku watu hawalali, lakini Athens walimpiga kwenye sarafu ya fedha ya drakma nne, fedha yenyewe ya machimbo yao ya Laurion, na hizo sarafu zilizunguka nchi nyingi watu wakiziamini. Ukishika euro 1 ya Ugiriki leo geuza uangalie, bundi ni yuleyule, wameikopi ile sarafu ya zamani.

Nike tusimpite maana wengi mmemvaa miguuni. Huyu ni mungu wa kike wa ushindi, ana mabawa. Toka 1928 medali za olimpiki zilimwonyesha kakaa na nyuma yake jengo linalofanana na Kolosiamu ya Roma, Waroma hao, Wagiriki walinuna kweli, na michezo ilipofika Athens 2004 ikabadilishwa, akawekwa akiruka kwenye uwanja wa Panathinaiko, wa hapohapo Athens. Mwaka huohuo Wakenya walizoa zote tatu mbio za kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech, wakavishwa na taji za majani ya mzeituni kichwani.

La mwisho ni hili la nyoka, hapa watu wanachanganya sana. Asklepios wa tiba ana fimbo moja nyoka mmoja, basi, hana mabawa, ndo yuko kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes. Kikosi cha madaktari wa jeshi la Marekani waliichukua hiyo ya pili 1902 na hospitali kibao zikafuata. Hermes sasa ni mungu wa wafanyabiashara, wa wezi pia, na ndiye anayesindikiza roho za waliokufa kwenda kuzimu. Unaingia pale unaumwa, mlangoni unapokewa na huyo!

Haya, maswali.