Mantan Moreland na Kazi ya Picha ya Pili

Walimu wangu, na nyinyi vijana wa sanaa za maonyesho, nawashukuru kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie Hollywood ya enzi za studio kubwa, na pengine wengi mlitarajia nije na majina yanayofahamika na kila mtu. Mimi nimekuja na Mantan Moreland, mchekeshaji mweusi aliyezaliwa Monroe, Louisiana, mwaka 1902, akafariki mwaka 1973, na ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ya sinema ilipita katika filamu za daraja B, yaani picha za bei rahisi zilizoonyeshwa kama picha ya pili kwenye tiketi moja. Ninaamini alikuwa msanii mkubwa kuliko filamu zote alizopewa. Naamini pia kwamba filamu hizo za bei rahisi ndizo zilizompa nafasi ya kuonyesha usanii wake, na hizo hizo zikamfungia ndani.

Ili tuelewane, tuanze na hela. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka baada ya 1929, watu walipunguza kwenda sinema. Wenye majumba ya sinema wakabuni njia ya kuwarudisha: tiketi moja, picha mbili. Ya kwanza ndiyo yenye nyota na matangazo. Ya pili ilikuwa fupi, mara nyingi dakika 60 hadi 70, na haikuwa na steringi wa kuvuta umati. Sasa tazameni malipo yake. Kwa picha kubwa, mwenye ukumbi aligawana na msambazaji mapato ya mlangoni kwa asilimia, kwa hiyo picha ikipendwa studio ilivuna. Kwa ile ya pili alilipa kiasi kilichopangwa kabla, basi. Iwe nzuri, iwe mbaya, bei ni ile ile. Mtayarishaji alijua kabla ya kamera kuwashwa filamu yake ingemwingizia kiasi gani, na faida yake ilitokana na kile alichoweza kukwepa kukitumia.

Mengine yote yanaanzia hapo. Studio ndogo kama Monogram, Republic na PRC zilipiga filamu nyingi kwa wiki moja au mbili tu. Sebule ya tajiri ya wiki hii, wiki ijayo ni hoteli. Mwigizaji akiteleza neno dogo, mara nyingi liliachwa lipite, kwa sababu mkanda unagharimu, umeme unagharimu, na mafundi wanalipwa. Aliyeitwa tena na tena ni yule anayefika akiwa ameshika maneno yake, anayesimama pale taa ilipoelekezwa bila kuambiwa mara mbili, na ambaye muswada ukipwaya anaweza kuujaza mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililompa Moreland riziki.

Kujaza alijifunza jukwaani. Aliondoka nyumbani angali mdogo, akazunguka na sarakasi na vikundi vya maonyesho vya watu weusi, mji baada ya mji, mbele ya watazamaji wasiomhurumia mchekeshaji asiyechekesha. Katika ulimwengu huo wa jukwaa ndiko alikopokea mchezo ulioasisiwa na Flournoy Miller na mwenzake Aubrey Lyles, mchezo wa watu wawili wanaozungumza bila yeyote kumaliza sentensi. Nitawatungia mfano wangu mwenyewe ili msikie unavyokwenda:

"Hivi yule jamaa aliyekuwa akikaa karibu na..."
"Kahama. Siku hizi yuko kule..."
"Kule kote? Si mbali na..."
"Anapitia njia ya..."
"Aa, hapo sawa. Na mkewe je, bado ana..."
"Aliacha, daktari alimwambia..."
"Afadhali. Maana mimi zamani nilimwambia kwamba..."
"Hata mimi!"

Mnacheka. Basi jaribuni leo jioni, wawili wawili, muone. Mwenzako akikatiza mapema, mtazamaji hajapata cha kushika. Akichelewa hata kidogo, wewe unabaki unaning'inia na sentensi mkononi. Na nyuso lazima zionyeshe kwamba watu hawa wanaelewana kabisa, kwamba ni sisi tu tulio nje ndio hatujui huyo jamaa ni nani. Moreland na mwenzake Ben Carter waliufanya mchezo huu katika filamu mbili za mpelelezi Charlie Chan, The Scarlet Clue ya 1945 na Dark Alibi ya 1946. Hadithi inasimama, kamera inatulia, na wale wawili wanaongea. Kwenye studio tajiri, mwandishi, mwongozaji na mhariri wote wangelalamika kwamba hadithi imekatizwa. Kwa Monogram zile zilikuwa dakika zilizopatikana bila kujenga seti mpya wala kuandika muswada mpya. Umaskini wa studio ukakutana na ustadi wa mtu, na sisi leo tuna ushahidi kwenye mkanda wa mchezo wa jukwaani ambao vinginevyo tungeusoma tu.

Hizo filamu za Chan zenyewe zinafaa kuangaliwa kwa jicho jingine. Studio ya 20th Century-Fox iliziacha, Monogram ikazichukua, na kati ya 1944 na 1949 ikatoa 17. Moreland yumo katika 15, akiwa dereva aitwaye Birmingham Brown. Tazameni nani kapewa nini. Chan ni mpelelezi wa Kichina kutoka Honolulu, lakini kwa Monogram aliyemcheza kwanza ni Sidney Toler, kisha Roland Winters, wote wazungu waliopakwa vipodozi. Watoto wake wanachezwa na vijana wenye asili ya Kichina kweli, ambao kazi yao ni kukosea ili baba asahihishe. Nyuma yao anakuja Moreland, wa kuogopa. Ngazi nzima ya Hollywood ya wakati ule imesimama mbele yenu ndani ya gari moja.

Na kweli, aliogopa sana. Macho yanatoka, magoti yanagongana, anatimua mbio. Sitawaambia kwamba hilo halikuumiza. Liliumiza, kwa sababu watu weusi wa Marekani walikuwa hawana picha nyingine za kuweka kando yake. Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki cha NAACP, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwadai wakuu wa studio waache kuwapa watu weusi kazi za utumishi na uoga peke yake. Madai yake yalikuwa ya haki.

Lakini nawaomba msome uigizaji wenyewe, si macho tu. Chukueni King of the Zombies ya 1941, filamu ya Monogram iliyoongozwa na Jean Yarbrough. Ndege inaanguka kisiwani, wanatoka watu watatu, wazungu wawili na mtumishi wao, Jeff, ambaye ni Moreland. Wazungu wanapewa vyumba vya wageni. Jeff anaambiwa akalale jikoni na watumishi, anapinga, hakuna anayemsikiliza. Aliyepelekwa jikoni ndiye anayewaona wafu wanaotembea. Anapanda juu kutoa habari, anaambiwa ameota. Anashuka tena. Katika filamu nzima yeye ndiye mwenye akili timamu, anayesema ukweli kwa watu ambao hawajazoea kuusikia kutoka kwake. Muswada ulikusudia tucheke woga wake. Moreland, kwa namna anavyokawia kabla ya kujibu, na anavyomtazama bwana wake sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa, anatufanya tucheke upofu wa bwana. Hilo halikuandikwa na mtu. Ni kazi yake, na mimi kila nikiitazama naona hasira imefichwa vizuri sana ndani ya adabu.

Linganisheni na filamu zenye bajeti. Huko mara nyingi alipewa sekunde chache: mchukuzi wa mizigo, mhudumu wa treni, fungua mlango, ondoka. Mwaka 1943 studio kubwa ya MGM ilimweka katika Cabin in the Sky kati ya wasaidizi wa shetani, kundini. Katika daraja B alikuwa na matukio mazima, na katika filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema ya watu weusi jina lake lilifika hadi kwenye kichwa cha filamu, kama Mantan Messes Up ya 1946.

Sasa John Wayne, yule nyota wa filamu za kauboi. Naye alisota katika daraja B karibu miaka yote ya 1930, akipiga picha za kauboi za Monogram, farasi yule yule na vumbi lile lile. Mwaka 1939 akapata filamu ya Stagecoach, na hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya kutoka. Kwa Wayne daraja B lilikuwa ngazi; kwa Moreland lilikuwa dari. Walijifunza kazi katika mazingira yale yale, tena Moreland aliingia akiwa fundi tayari.

Baada ya vita mambo yakageuka, na hapa ndipo ninapoona dhuluma kubwa kuliko zote. Studio zilisikia malalamiko kuhusu watumishi waoga, na badala ya kuwaandikia waigizaji wale nafasi zenye heshima, nyingi ziliamua kutowaandikia kabisa. Ben Carter alikuwa ameshafariki mwaka 1946. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikazihukumu studio kubwa katika kesi ya Paramount, zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema, na televisheni ikaanza kuingia majumbani. Kiwanda cha picha ya pili kilikosa pumzi. Charlie Chan wa Monogram alikwisha mwaka 1949. Moreland alikuwa na miaka 46, umri ambao mchekeshaji ndio kwanza anaiva, akaanza kutafuta kazi. Lawama tunazompa yeye kwa macho yake, tungezipeleka kwa walioshika kalamu na daftari la fedha.

Mwaka 1957 tamthilia ya Samuel Beckett, Waiting for Godot, iliwekwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwa waigizaji weusi watupu, chini ya mwongozaji Herbert Berghof. Earle Hyman alikuwa Vladimir, Rex Ingram alikuwa Pozzo, na Estragon alikuwa Mantan Moreland. Vladimir na Estragon ni watu wawili kando ya njia, wanangoja, wanaanza maneno na kuyaacha njiani, mmoja anadaka ya mwenzake. Nani Marekani alikuwa amejiandaa kwa mchezo huo kuliko mtu aliyetumia maisha yake katika sentensi zisizokwisha? Ulidumu siku chache tu. Baadaye alirekodi santuri za vichekesho, na akapata vijisehemu katika filamu, ikiwemo Watermelon Man ya 1970.

King of the Zombies haina tena ulinzi wa hakimiliki Marekani, kwa hiyo mnaweza kuipata mtandaoni bure. Fundi ameshaiandaa na tutaiangalia yote sasa hivi. Nawaomba mzingatie matukio ya jikoni, na pale Jeff anapopanda ngazi kutoa taarifa, mhesabu anakaa kimya muda gani kabla ya kujibu. Ina dakika 67, kisha tutapata muda wa maswali.